Hundi Ndani ya Plastiki

Vijana hunijia mimi kwa sababu nilianza kushika kompyuta mapema, kabla watu wengi wa Kakamega hawajaiona kwa karibu. Wanataka kujua kama kweli mtu anaweza kupata pesa nzuri mtandaoni kwa kufanya kazi masaa machache kwa wiki. Sibishani nao. Nawaambia waende mahakamani, wazunguke kwenye varanda wanayokaa wapiga chapa, wamtafute mama mmoja ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Juu ya taipureta yake, kwenye msumari, kuna hundi ya dola ndani ya plastiki. Wamwulize huyo. Ni dada yangu, na atawaambia inawezekana.

Atawaambia hivyo huku akichapa hati ya kiapo kwa bei ya sahani ya maharagwe. Hana aibu. Miaka yote hii sijamsikia akikubali kwamba ule ulikuwa upuuzi. Husema ilibaki kidogo tu.

Miaka ya tisini dada alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale mjini, na sisemi kwa sababu ni ndugu yangu: hakuna aliyemfikia. Alichapa bila kuangalia mashine, bila kuangalia karatasi, akiongea na wewe mambo ya bei ya nyanya. Wakubwa walimgombania. Alikuwa na nyumba ya serikali Amalemba, vyumba viwili na bomba nje, na katika familia yetu hiyo ilikuwa ni kama ikulu. Baba alikufa tukiwa wadogo. Mama alibaki Lugari na mahindi yake, na dada ndiye aliyenisomesha.

Alinilipia karo, kisha akajirudishia yote kwa mdomo. Nikivaa viatu ananikumbusha kwamba vina mwenyewe. Nikichelewa kuosha vyombo, "Asante ya punda ni mateke." Nilipomaliza kidato cha nne na alama ambayo mama hakuitaja mbele ya watu, dada aliitaja kwa niaba yake, mbele ya majirani, mbele ya wauza mboga, mara moja hata mbele ya padri. Nilimchukia kama mtu anavyomchukia anayemlisha, yaani kwa kichwa kilichoinama na mkono ulionyooshwa. Nililala kwenye mkeka jikoni kwake na nilikula chakula chake.

Parokia ilinipa kijikazi. Nilifagia ofisi, nikafuta vumbi, na kila siku nikaenda posta kuchukua barua. Ufunguo wa sanduku niliufunga kwa kamba nikauvaa shingoni, na hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho dada hakukinunua. Sanduku la posta siku hizo halikuwa la mtu mmoja. Ukiulizwa anwani ulitaja sanduku la kanisa, au la shule, au la mjomba aliyeajiriwa. Sanduku la parokia yetu lilipokea barua za mapadri, za walimu, za kwaya nzima, na za mwanamke mmoja wa Lubao aliyeandikiwa mara moja kwa mwaka na mwanawe wa Mombasa na bado alikuja kuuliza kila Jumatatu. Hakuna aliyeona ajabu. Maji tuliteka kisima kimoja, barua tulichukua sanduku moja.

Basi mwaka wa mwisho wa miaka hiyo ya tisini, utepe wa taipureta ulikwisha ofisini kwao na dada akatumwa na barua ya haraka kwenye bureau moja ya kuchapa na kutoa nakala karibu na soko. Mwenye bureau alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeacha kufundisha, mwanamume mwenye upara na sauti ya upole kama ya mganga. Alikuwa ameunganisha mtandao kwa laini ya simu. Mashine ilikwaruza na kupiga filimbi muda mrefu, kisha ukurasa ukateremka taratibu, mstari kwa mstari, na yeye akikaa kando na saa mkononi akihesabu dakika. Ukutani alikuwa amebandika tangazo la kalamu nyekundu: masaa mawili kwa wiki, mshahara wa daktari.

"Hii ni ukweli?" dada alimwuliza.

"Mama, si uongo. Kampuni iko ng'ambo. Inakutumianga barua pepe ya matangazo, wewe unafungua, unabonyeza, unalipwa. Lakini pesa yenyewe iko kwa watu. Ukiwaleta watu, unalipwanga juu ya yao pia."

Alipofika nyumbani hakukaa. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani akinieleza, na kwa mara ya kwanza maishani akavisahau viatu vyangu. Alianza kuwasajili watu wiki hiyo hiyo. Mimi nilikuwa wa kwanza, kisha mama, ambaye hajui kusoma hata jina lake, kisha sauti ya pili yote ya kwaya, kisha sauti ya kwanza kwa wivu. Kila mtu alitoa jina lake kamili na ada kidogo ya kukaa mtandaoni. Hawakuhitaji kujua kompyuta. Dada ndiye aliyekaa bureau kila Jumamosi, akifungua akaunti ya huyu, akibonyeza matangazo, akifunga, akifungua ya yule. Kwa vidole vile ilikuwa mchezo. Wakafika arobaini na mmoja, na anwani ya wote ikawa moja, sanduku la parokia.

Hakuna aliyelifikiria hilo. Nimewalaumu wengi katika habari hii lakini hapa sina wa kumlaumu, kwa maana hata mimi niliyevaa ufunguo sikulifikiria.

Hundi ya kwanza ilikuja baada ya miezi minne. Nilimletea mimi mwenyewe, bahasha nyembamba yenye dirisha la nailoni. Ilikuwa ya dola, ina jina la dada limechapwa kwa herufi kubwa, na thamani yake haikutosha kulipia hata Jumamosi alizokaa bureau. Hilo niliona mara moja, na yeye alikuwa na akili kuliko mimi. Lakini hakusoma kiasi. Alisoma jina lake. Alisimama pale mlangoni akilisoma na kulirudia, na macho yake yalilowa. Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile, na nakiri niliona kinyaa.

Alipaswa kuipeleka benki. Badala yake aliipeleka bureau ikafungwa ndani ya plastiki ngumu, ile ya vitambulisho vya kazi, ili isichakae mikononi mwa watu. Kwani hundi nyingine si zilikuwa njiani? Jumapili aliipitisha kanisani. Wazee waliishika kwa ncha za vidole. Padri aliiombea.

Wikendi iliyofuata tulienda Lugari kumwonyesha mama, na dada akanunua jogoo. Baba mdogo alikuja, kwa maana harufu ya ingokho haijawahi kumpita. Sasa, kwetu kuku ana sheria zake. Firigisi, ambayo sisi huiita imondo, ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, au ya mgeni wa heshima, na bibi zetu hata huyo kuku mwenyewe hawakumwonja. Mama alipakua obusuma, yaani ugali, akaweka nyama, akaweka imondo juu ya sahani ya baba mdogo kama ilivyokuwa tangu baba afe. Dada alinyoosha mkono, akaitoa kwenye sahani ya baba mdogo, akaitia mdomoni.

Mama alijifunika mdomo kwa kiganja. "Imondo hairiwi na mwanamke!"

"Naona hii nyumba imepata mwanamume mpya," baba mdogo alisema.

"Imepata," dada akajibu huku akitafuna. "Na ndiye amenunua huyu kuku."

 Kwa ndani nilimshangilia. Nasema hivi ili msifikiri kwamba sikumpenda kabisa, nilimpenda kwa muda wa mlo ule.

Ila kilichofuata ndicho kilichokuwa na uzito. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na ofisini kwao ilinong'onwa kwamba zamu yao imekaribia. Watakaopunguzwa wangeondoka na kiinua mgongo. Anayeacha kwa hiari yake angeondoka na mkoba wake tu, na nyumba ya Amalemba angeirudisha. Mtu mwenye akili alipaswa kukaa kimya na kungoja. Dada hakutaka kungoja. Alitaka kufungua bureau yake, asajili wilaya nzima, afanye kazi Jumamosi na siku nyingine apumzike kama wake za wakubwa. Alichapa barua ya kuacha kazi kwa taipureta ya serikali, kwenye karatasi ya serikali, akaikunja akaitia mkobani ingoje mwisho wa mwezi.

Jumapili moja baada ya misa alikuwa amesimama na wanakwaya chini ya ukumbi, akiwapangia kazi watakazofanya katika hiyo bureau. Huyu atapokea wateja, yule atashika pesa. Mmoja akauliza, na mdogo wako? Dada alinigeukia, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Huyu? Huyu ni mzigo niliopewa na Mungu. Atatuchemshia chai."

Walicheka, na mimi nikacheka. Kwenye cheko lile kulikuwa na watu arobaini, na nilikuwa nimewabebea barua zao wote kwa miguu yangu.

Jumanne nilifungua sanduku nikakuta bahasha ya kampuni, nene kuliko ile ya kwanza. Nilidhani ni hundi. Niliifungua pale pale, jambo ambalo sikuwahi kufanya kwa barua ya mtu, na hadi leo sijui mkono wangu ulijua nini. Ndani kulikuwa na barua fupi na orodha ndefu. Orodha ilikuwa majina yetu. Langu lilikuwepo, na mama alikuwa wa kumi na saba. Barua ilisema kwamba kampuni imegundua majina arobaini na moja yanayotumia anwani moja na kompyuta moja, kwamba huyo ni mtu mmoja aliyejipa majina mengi, na kwamba akaunti zote zimefungwa na hakuna kitakacholipwa tena.

Nilicheka peke yangu mbele ya posta hadi mlinzi akanitazama. Wale watu walidhani kila binadamu ana sanduku lake kama alivyo na pua yake. Wangetuma barua pepe pia, bila shaka walituma, lakini wezi walikuwa wamekata nyaya za simu na bureau ilikuwa haina laini kwa wiki mbili. Dada hakuwa na njia nyingine ya kujua. Habari ile yote ilikuwa mkononi mwangu, nayo ilihitaji tu kutembea kutoka posta hadi Amalemba.

Niliitia ndani ya blauzi, nikapeleka barua nyingine parokiani, nikafagia.

Jumatano jioni dada aliitoa barua yake ya kuacha kazi mkobani, akainyoosha juu ya meza, akanisomea. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nizaliwe. Aliniomba ushauri.

"Wewe unaonaje? Nipeleke Ijumaa, ama ningoje kidogo?"

Alikuwa anaogopa. Niliona jinsi kidole chake kilivyokuwa kikisugua ukingo wa karatasi, kidole kile ambacho hakikuwahi kukosea herufi. Kama ningesema ngoja, angengoja. Barua ya Wazungu ilikuwa inanikuna kifuani nikipumua. Nilifikiria chai niliyotakiwa kuchemsha. Nilifikiria alama zangu zilivyotangazwa sokoni. Sikutaka aangamie, sikufikiria mbali hivyo. Nilitaka tu, mara moja, yeye pia asimame mbele ya watu bila kitu mkononi.

"Peleka," nikamwambia. "Unangoja nini?"

Alinishukuru. Alisema kumbe nina akili, ila nilikuwa naificha.

Alhamisi asubuhi niliwashia jiko ile barua na orodha yake. Karatasi ilikuwa nzuri, ilishika moto mara moja. Nikamchemshia chai, akanywa vikombe viwili akaenda kazini.

Ijumaa alirudi kabla ya saa saba akiwa na mkate na siagi. Mkubwa wake alikataa kuipokea mara mbili, alinihadithia, na mara ya tatu akaipiga muhuri huku akitikisa kichwa. Alikuwa amechangamka kama bibi harusi. Tulikula mkate wote siku ile.

Laini ya simu ilirudi baada ya wiki moja. Sikuwepo bureau siku hiyo, lakini mwenye bureau alinieleza baadaye kwa ile sauti yake ya upole. Alisema dada alifungua akaunti ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa, akaendelea kuzijaribu moja moja hadi ya arobaini na moja, na baada ya hapo akamwuliza ni kiasi gani anadaiwa cha muda. Naye mwenye bureau, akiwa mtu wa hesabu, akamtajia.

Kwaya haikumwonea huruma. Watu waliotoa ada ndogo sana walimdai kana kwamba aliuza mashamba yao. Wanawake wa sauti ya pili walikuja Amalemba wakiimba. Mmoja alibeba sufuria yetu kubwa akaondoka nayo kichwani, akimwuliza dada kama Wazungu wake wanakula ugali. Padri aliyeiombea ile hundi alihubiri juu ya tamaa, na hakutaja jina, na hakuhitaji. Dada alirudi ofisini kwao akakuta mwingine amekalia kiti chake. Miezi miwili baadaye wote waliobaki walipunguzwa, wakaondoka na kiinua mgongo, hata yule aliyekuwa akichapa kwa vidole viwili. Siku waliyolipwa, dada alifua nguo kuanzia asubuhi, na alipomaliza zilizochafuka akafua zilizokuwa safi.

Alipoambiwa atoke kwenye nyumba alichomoa hundi ukutani akaipeleka benki. Nilimsindikiza. Karani aliigeuza, akajaribu kubandua plastiki kwa ukucha, kona ya karatasi ikabanduka nayo.

"Hii sasa ni picha, mama," akamwambia, na akaita mwenzake aje aone.

Krismasi ile Lugari kulikuwa na kuku mmoja, mdogo. Mama aliweka imondo kwa baba mdogo, na baba mdogo akaitafuna taratibu sana akimtazama dada. "Wazungu wako hawajambo?" akauliza. Dada alisema hawajambo.

Parokia ilikuwa imenunua kompyuta, na kwa kuwa nilikuwepo, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kusikia jina la dada, nilifundishwa mimi. Nilipata mshahara, nikapata chumba, kisha viwili. Dada alikuja kukaa kwangu. Alilala jikoni. Sikumwambia alale jikoni, ila mkeka ulikuwa huko. Nilimnunulia ile taipureta ya mkono wa pili anayotumia mahakamani, na nilimnunulia viatu, na sikuwahi kumkumbusha nani alivinunua. Watu walinisifu. Walisema hakuna ndugu kama mimi, na dada aliwaambia hata wao hawajui nusu yake.

Miaka ikapita. Baba mdogo alikufa, na Krismasi moja tukajikuta wanawake watupu Lugari, mama, dada na mimi, na jogoo mezani. Mama hakujua afanye nini na imondo. Aliishika kwenye mwiko akituangalia. Dada akauchukua ule mwiko.

"Leo ni yake," akasema. "Mimi nilipoanguka kila mtu alinikanyaga. Huyu peke yake ndiye alinisimamia." Akaiweka juu ya sahani yangu, akaigeuza ile sehemu laini iwe upande wangu. "Lakini wale Wazungu walinionea. Kama wangetuma hata barua moja tu, mama, singeacha kazi."

"Hawakutuma?" mama akauliza.

"Muulize huyu. Yeye ndiye alikuwa na ufunguo."

Wote wawili walinitazama, bila ubaya wowote, kama watu wanaongoja mtu amalize sala waanze kula.

"Hawakutuma," nikasema.

Nilichukua imondo nikaitafuna. Ilikuwa na chumvi ya kutosha. Dada aliniangalia hadi nilipomeza, kisha akaniuliza kama imeiva vizuri, nikamwambia imeiva.